Nina mchumba, ila moyo bado unanivuta utawani: nitajuaje kama ni wito kweli?

"Shikamoo sista. Mimi ni binti wa miaka 26, Mkatoliki, nimeajiriwa huu mwaka wa tatu. Toka niko sekondari nilikuwa nahisi kama naitwa kuwa sista ila nikawa naipuuzia, nikasoma, nikapata kazi, nikapata mchumba. Mwaka jana tuligombana tukaachana kama miezi minne, na hapo lile wazo likarudi kwa nguvu hasa nikiwa kwenye kuabudu Ekaristi. Tumesharudiana, ni mtu mzuri tu na anataka tufunge ndoa, lakini wazo halijaondoka. Najiuliza ni wito au yalikuwa maumivu tu? Nimemwomba Mungu ishara mpaka nimechoka. Halafu mimi sio bikira, nimesikia mashirika hayapokei mtu kama mimi. Bado nalipa mkopo wa masomo, na mimi ndo mkubwa kwetu, baba amesema nikienda huko nisimhesabu kama baba yangu, mama analia tu. Na nikienda nikashindwa nikarudi, nitauweka wapi uso wangu? Naomba unisaidie nijue kwa uhakika kama naitwa ama siitwi."

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma meseji yako zaidi ya mara moja kwa sababu imebeba mambo mengi, mchumba, baba, mkopo, aibu, lakini yote naona yanaishia kwenye ile sentensi ya mwisho, unataka ujue kwa uhakika. Mimi ni mtawa na nimekaa kwenye malezi ya wasichana wanaoingia shirikani, kwa hiyo nitakujibu bila kuzunguka: huo uhakika unaoutafuta ukiwa umekaa chumbani kwako hutaupata, na wala hauhitajiki ili uanze kufuatilia. Wengi wanadhani mtu anajua kwanza kwamba anaitwa halafu ndo anaenda. Sivyo. Mtu anaenda akiwa na nusu ya jibu tu, tena wakati mwingine haifiki hata nusu, na lile lililobaki analipata huko huko njiani.

Sababu ni kwamba wito wa utawa una pande mbili. Upande mmoja ni huo mvuto ulionao ndani, na upande wa pili ni Kanisa kupitia shirika fulani kukutazama, kuishi na wewe, na mwisho wake kusema ndiyo tunamwona anafaa, au hapana. Ule mvuto wako peke yake ukiwa mkali namna gani bado ni hamu, hamu nzuri, ila haujakamilika mpaka mwingine nje yako authibitishe, na ndo maana hakuna mtu anayeweza kujitangazia wito akiwa peke yake kama ambavyo hakuna anayeweza kujioa. Na mimi pia siwezi kukutangazia kwa maandishi, hata ungeniandikia kurasa hamsini.

Sasa sikiliza jinsi Kanisa lilivyopanga hili jambo, maana naona unaogopa kama vile ukisema ndiyo leo mlango unafungwa nyuma yako. Kwanza kuna kufuatilia tu, unawasiliana na sista anayeshughulikia miito, unaenda mafungo, unaenda kukaa siku chache kwenye jumuiya uone wanavyoishi, na muda wote huo bado una kazi yako na chumba chako. Baadaye kama pande zote mbili zinaona inafaa unaingia uaspiranti na upostulanti, yaani hatua mbili za mwanzo za kukaa nao mkifahamiana, ambavyo muda wake unatofautiana shirika na shirika. Halafu unovisi, kipindi cha malezi na majaribio kabla ya nadhiri, na hapa Sheria Kanuni ya 1983, yaani kitabu cha sheria za Kanisa, inasema wazi, lazima iwe miezi 12 ndani ya jumuiya ya unovisi yenyewe na kwa kawaida isizidi miaka miwili. Ndipo zinakuja nadhiri za muda, yaani ahadi za useja, ufukara na utii, zisizopungua miaka mitatu na zisizozidi sita, na kwa sababu maalum wanaweza kuongeza mpaka jumla ifike tisa. Nadhiri za daima ziko mwisho kabisa. Kwa watawa wa ndani, wale wa monasteri wanaoishi kwa sala na hawatoki kwenda kazini, tangu 2018 Roma imetaka malezi yao ya mwanzo yasipungue miaka tisa. Miaka tisa! Hapo hujaombwa kuamua maisha yako yote mwezi ujao, umeombwa hatua moja.

Na ukiwa novisi unaweza kuondoka siku yoyote, sheria inasema hivyo hivyo, na shirika nalo linaweza kukwambia urudi nyumbani. Ukiwa na nadhiri za muda, zikiisha muda wake upo huru kwenda. Kwa hiyo hilo swali lako la kushindwa ukarudi, mimi silikubali hata lilivyoulizwa. Unovisi upo ili watu wengine watambue hii sio njia yao, hiyo ni mojawapo ya kazi zake. Aliyeingia akapima kwa uaminifu akaona hapana akatoka, huyo amefanya alichotumwa kufanya na anatoka na jibu ambalo angebaki nje asingelipata mpaka uzeeni. Najua watu watasema, watu huwa wanasema, na shirika likiwa la hovyo linaweza hata kumwondoa mtu usiku kama mwizi, hilo nitakugusia huko mbele. Lakini aibu ya majirani haijawahi kuwa kipimo cha mapenzi ya Mungu.

Twende kwenye ishara. Unasema umeomba mpaka umechoka. Mimi nafikiri pumzika kuomba ishara, kwa kweli pumzika. Angalia Samweli kwenye Kitabu cha Kwanza cha Samweli sura ya 3, Mungu alimwita kabisa kwa jina na kijana hakutambua, alikimbilia kwa Eli mara tatu, na aliyetambua ni yule mzee wala sio aliyeitwa. Na Eliya pale mlimani, upepo ukapita, tetemeko likapita, moto ukapita, Bwana hakuwemo, mpaka ikaja ile sauti ndogo ya utulivu. Shida ya ishara za kujipangia, nikiona hiki nitajua ni ndiyo na nisipokiona ni hapana, ni kwamba mtu aliyechoka anaona anachotaka kukiona, na akikiona kesho yake anaanza kuhangaika kama alikiona sawasawa. Wasichana waliokuja kwetu na ndoto kubwa kubwa na maono ndo niliowatazama kwa makini zaidi. Sikuwadharau, ila mtu mwenye ndoto kubwa huwa hapendi kuulizwa maswali, na malezi yote ni maswali.

Badala ya ishara nataka uangalie kitu kingine, na hiki hakikutoka kwangu, kimetoka kwa Mtakatifu Ignasi wa Loyola. Huyu alikuwa askari, 1521 akavunjwa mguu na kombora la mzinga pale Pamplona, akalazwa kwao miezi mingi hana la kufanya. Akawa anawaza mambo mawili kwa zamu, kuna siku anawaza ushujaa wa vita na bibi mmoja wa heshima aliyempenda, kuna siku anawaza kuishi kama watakatifu aliokuwa anasoma habari zao. Yote mawili yalimfurahisha wakati anayawaza, hapo ndo pa kushika, yote mawili! Tofauti aliiona baadaye: mawazo yale ya kwanza yakishapita yalimwacha mkavu na mzito, yale ya pili yakishapita yalimwacha na amani. Yaani hakupima utamu wa wakati ule, alipima kilichobaki.

Wewe fanya hivyo hivyo. Sio siku moja, chukua miezi. Siku ukiwaza ndoa na huyo kaka, nyumba, watoto, uiwaze vizuri kabisa bila kuiharibu, halafu jioni na kesho yake andika umebaki na nini. Siku nyingine waza uko utawani, ila usiwaze siku ya nadhiri na shela jeupe na nyimbo, hiyo ni siku moja tu. Waza Jumanne ya kawaida, mmeamka kabla ya jua kusali masifu, kuna dada mmoja kwenye jumuiya mnayepishana tabia kila siku na leo mko zamu moja, kazi uliyopewa sio uliyoisomea, na jioni mnasali tena na yule yule. Hapo baada ya kuwaza ukavu unabaki au amani inabaki? Amani sio lazima iwe furaha. Mtu anaweza akaogopa na kulia na bado chini kabisa kuna utulivu.

Sasa ile miezi minne. Umeuliza ni wito au ni maumivu, na hapa nakuomba usitake jibu la haraka. Ignasi ana kanuni moja ambayo ingefaa ibandikwe kwenye milango: mtu akiwa kwenye giza la moyo, ukiwa, huzuni, asibadilishe uamuzi aliofanya alipokuwa na mwanga. Ungeingia utawani mwezi ule wa pili wa kuachana ningekwambia umekimbia, na walezi wenye akili wangekurudisha nyumbani ukatulie kwanza. Lakini kwa maelezo yako wazo lilianza sekondari kabla ya huyo kaka, likalala, likaamka kwenye maumivu, na mmerudiana mambo yako sawa na bado lipo. Hilo lina uzito. Mimi huwa naogopa zaidi wazo linalokuja na machozi na kuondoka machozi yanapokauka, lako halikuondoka. Wala maumivu peke yake hayafuti wito, Ignasi mwenyewe alianzia kitandani na mguu uliovunjika.

Lakini kuna uwezekano wa tatu ambao hujautaja na mimi nautaja kwa sababu nimeuona: inawezekana moyo wako unakataa kuolewa na huyu mtu, sio kwamba unakataa ndoa. Mligombana sana hadi kuachana miezi minne, kuna kitu pale. Wakati mwingine msichana anashindwa kusema simtaki huyu kaka mzuri ambaye kila mtu anampenda, anaona ni rahisi kusema Mungu ananiita, maana Mungu hakuna wa kumbishia. Jiulize hivi: nikiambiwa leo kwa hakika kwamba huyu au mwingine bora kuliko yeye atanipenda na kuniheshimu mpaka kufa, je, utawa bado ungenivuta? Ukiona jibu ni hapana, shukuru, umejua kitu kikubwa na hujapoteza chochote. Ukiona bado unakuvuta, basi endelea kufuatilia. Kama una uwezo wa kumpenda mume na watoto hiyo ni sifa nzuri ya kuwa sista, tena mtu anayeidharau ndoa au anayewachukia wanaume ndo hatufai. Mtaguso wa Pili wa Vatikano kwenye hati yake ya Lumen Gentium ya 1964 uliweka wazi kwamba wote wameitwa kwenye utakatifu, walioolewa na wasioolewa, kwa hiyo ukiolewa hutakuwa umechukua namba mbili kwa Mungu.

Kuhusu ubikira, hapa naandika kwa herufi za kuonekana: HAKUNA sheria ya Kanisa inayosema sista lazima awe bikira. Kanuni ya 643 ya hiyo Sheria Kanuni inataja wanaozuiwa kupokelewa unovisi, ni aliye chini ya miaka 17, aliye kwenye ndoa ambayo bado ipo, ambaye bado amefungwa na shirika au jamii nyingine ya kitume, aliyeingia kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa au kwa hila, na aliyeficha kwamba aliwahi kuwa mwanachama wa shirika lingine. Basi. Nafikiri unachanganya na wanawali waliowekwa wakfu, ambao ibada yao ilihuishwa 1970, hao wanaishi majumbani kwao chini ya askofu na masharti yao ni mengine. Masista ni kitu kingine. Elizabeth Ann Seton alikuwa mjane mwenye watoto watano na ndiye aliyeanzisha shirika la masista 1809, leo ni mtakatifu. Yohana Fransiska wa Chantal naye mjane na mama wa watoto, akaanzisha shirika na Fransisko wa Sales 1610. Kitakachoangaliwa ni unaishije sasa hivi, je, unaweza kuishi usafi wa moyo na mwili kwa muda wa kutosha ukiwa bado nje, kwa sababu vazi halikatishi hamu, nakwambia ukweli. Useja sio kutohisi. Utahisi, utapenda, kuna siku utaona mtoto wa mtu utatamani angekuwa wako, na huo upweke una majira yake unakuja na kwenda.

Na mambo ya zamani hulazimiki kuyamwaga kwa kila mtu. Una padre muungamishi, na sheria inawakataza wakuu wa shirika kumshinikiza mtu kwa namna yoyote awafungulie dhamiri yake. Ila usidanganye kwa lile utakaloulizwa rasmi, kama uliwahi kufunga ndoa, kama una mtoto, kama una ugonjwa, kwa sababu kupokelewa kwa udanganyifu kunaweza kufanya mapokezi yenyewe yasiwe halali, na zaidi ya hapo utaishi miaka yote unaogopa simu ikilia.

Miaka 26 sio mingi. Teresa wa Lisieux aliingia na miaka 15 mwaka 1888, Edith Stein aliingia monasteri ya Karmeli 1933 akiwa na miaka 42 na alikuwa mwanafalsafa tayari. Sheria ya Kanisa zima haina kikomo cha juu, mashirika ndo kila moja lina lake, uliza. Mi kwa upande wangu nawapenda waliokwisha kufanya kazi, wanajua kuamka bila kuamshwa.

Mkopo ni jambo la kweli na usilifunike na sala. Kanuni ya 644 inasema wasipokelewe wenye madeni wasiyoweza kuyalipa. Maana yake usiingie ukaacha deni linamfuata mdhamini wako au wazazi. Chukua karatasi uone umebakiza kiasi gani, kwa mshahara wako utamaliza lini, na mweleze sista wa miito kiasi hicho hicho bila kupunguza. Wengi watakwambia maliza kwanza, na huo muda wa kumaliza ndo muda wako wa kupima, kwa hiyo haujapotea.

Kwa baba nakwenda polepole kidogo. Kwanza kisheria, wewe ni mtu mzima, ruhusa yake haihitajiki. Lakini wewe hukuuliza sheria, uliuliza habari ya baba yako. Tenganisha mambo mawili: je, wazazi wanategemea mshahara wako kuishi, au baba anaumia? Kama ni kuishi, yaani ukiondoka hakuna dawa ya mama au wadogo zako hawasomi na hakuna mwingine wa kuwashika, hilo ni la kuangalia kwa uzito. Sheria ya zamani ya 1917 ilikataza kabisa kumpokea mtu ambaye wazazi wake wako kwenye shida kubwa na wanamtegemea awasaidie. Ya sasa haikulirudia kwa maneno hayo, ila walezi wenye busara bado wanaliuliza, kwa sababu amri ya nne haifutwi na nadhiri. Hapo inabidi upange, labda mdogo wako amalize masomo, labda mgawane na ndugu. Ukishaweka nadhiri mshahara sio wako tena, ni wa shirika, usiwaahidi nyumbani kitu ambacho hutakuwa nacho.

Kama ni kuumia, basi mpe muda na mpe masikio. Neno "usinihesabu kama baba yako" mara nyingi linatoka kwa mtu aliyeshtuka na hajui aseme nini. Usimjibu kwa Maandiko, tafadhali, usimwambie lile neno la Yesu, "ampendaye baba kuliko mimi", utamchoma. Muulize anaogopa nini. Unaweza ukakuta anaogopa utateswa, au utazeeka huna mtu, au watu watasema binti yake alikosa mume, na kila moja ya hizo ina jibu lake. Mkaribishe siku moja aende akawaone hao masista kwa macho yake. Klara wa Asizi alitoroka kwao usiku 1212, ndugu zake wakamfuata kumtoa kwa nguvu, na miaka ilivyokwenda wadogo zake wakamfuata utawani na mama yake mzazi Ortolana naye akaja kuishi kwenye monasteri ile ile. Sikushauri utoroke lakini, wewe una miaka 26 na mlango wa mbele unafunguka.

Kwa mchumba wako nina neno moja gumu. Mwambie. Sio kwa meseji, kaeni mwambie kwamba kuna hiki kitu na kimekuwepo toka zamani, na unaomba mipango ya ndoa isimame kwa muda mnaokubaliana wakati unafuatilia. Ana haki ya kukubali na ana haki ya kusema siwezi kusubiri, na akisema hivyo asiitwe mbaya. Usichoweza kufanya ni kumweka pembeni kama akiba, kwamba utawa ukikataa yupo, maana hapo unamkosea yeye na pia hutapima kwa uhuru. Mtu mwenye mguu mmoja nje ya mlango hajui kama chumba kinamfaa.

Halafu usiseme tu nataka kuwa sista, sista wa wapi? Kuna mashirika ya hospitali, ya shule, ya wazee, ya wafungwa, kuna watawa wa ndani, na kila shirika lina karama yake na katiba yake. Mama Teresa aliingia shirika la masista wa Loreto 1928 akafundisha miaka mingi, 1946 akasikia kuitwa kwenda kwa maskini, 1948 akapata ruhusa ya kutoka akaanza upya. Tembelea mawili matatu kabla hujajaza fomu. Usiende siku ya sherehe, siku hiyo kila nyumba inanukia vizuri. Nenda siku ya kawaida, na ukifika angalia masista wazee wanatunzwaje, nani anawapelekea chakula na wanaongea nao kwa sauti gani, mi naona hapo unajifunza kuliko kwenye vipeperushi vyote. Waulize juu ya walioondoka. Wakiwaongelea kwa heshima na kusema fulani yuko hivi siku hizi anaendelea vizuri, ni nyumba nzuri. Wakibadilika sura, weka akilini.

Na kuna dalili za kukufanya uondoke hapo hapo: wanaokuharakisha uache kazi kabla hawajakujua, wanaokutaka ukate mawasiliano na familia na marafiki kama sharti la kuonyesha wito, wanaokuchagulia muungamishi na kukukataza mwingine, mkuu anayetaka umwambie yeye dhambi zako, au yeyote anayekwambia Mungu atakuadhibu usipoingia. Utii wa kitawa ni mgumu kweli, mimi naona kwa wengi ni mgumu kuliko useja, unahamishwa kazi uliyoipenda na unaenda. Ila utii hautakiwi kuanza kwa kutishwa.

Mambo ya karatasi nayo: vyeti vyako vya shule na kazi vitunze, acha nakala kwa mama. Kabla ya nadhiri za kwanza utakabidhi usimamizi wa mali zako kwa mtu unayemtaka mwenyewe, na wosia halali utaandika kabla ya nadhiri za daima, hakuna anayepaswa kukudai ukabidhi kila kitu siku unaingia. Na ujue kabla, anayetoka shirikani hawezi kudai malipo ya kazi alizofanya humo, ingawa sheria inalitaka shirika limtendee kwa haki na upendo wa Injili. Wewe uliza mapema kabisa wao hufanya nini mtu akitoka. Wasioficha kitu watakujibu.

Kitu cha kufanya wiki hii ni kutafuta kiongozi wa kiroho, padre au sista mwenye uzoefu, ikiwezekana asiyetoka kwenye shirika unalolitamani ili asiwe na faida yoyote kwenye jibu lako, na uonane naye uso kwa uso kila mwezi angalau. Na kama kuna mtu aliwahi kukufanyia ukatili wa kimwili au wa mapenzi, kama una huzuni ya muda mrefu isiyoisha, hulali, unasikia sauti zinazokuamrisha, au unataka utawa kwa sababu nyumbani hakukaliki, tafuta pia mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili kabla ya kubisha hodi popote. Hiyo haikuondolei nafasi. Mashirika yenyewe yanatakiwa kuangalia afya na ukomavu wa mtu, na mengine yatakuomba ukapimwe na mtaalamu kwa ridhaa yako. Na huyo kiongozi wa kiroho ukishampata, akikushauri tofauti na nilivyoandika hapa, msikilize yeye, anakuona na kukujua, mimi nimesoma meseji tu.